Baiskeli Iliyozimika Langoni

Kila siku alfajiri, mjane alikamua ng'ombe wake wawili. Alimimina maziwa kwenye madumu na kuyafunga nyuma ya baiskeli ya injini aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kisha alijaza tangi mafuta mpaka juu, akapiga pedali, injini ikawaka, akaondoka kuyapeleka kituo cha maziwa.

Mama mkwe wake alibaki mlangoni akisikiliza. Barabara ilizunguka bonde, kwa hiyo mlio wa injini ulisikika kwa muda mrefu. Ulikwenda vizuri, halafu ukaanza kulegea. Ukakohoa mara mbili, ukanyamaza.

Mama yule hakuhitaji kuuliza umenyamazia wapi. Ilikuwa pale pale, mbele ya lango la kiwanda cha mbao. Mwanawe alifia humo akiwa kazini, wiki sita zilizopita. Tangu siku hiyo kiwanda kilifungwa.

Mjane alisimama peke yake kwenye ukungu. Mnyororo wa lango ulilia polepole, ingawa hakuhisi upepo. Alipiga pedali, injini ikagoma. Alisubiri robo saa nzima, asithubutu kutazama ndani. Alipojaribu tena, injini iliwaka, kama vile mtu aliyekuwa ameishika ameiachia.

La ajabu zaidi, wakati wa kurudi haikuzimika hata siku moja.

“Mwanangu hataki upite pale,” mama mkwe alisema. “Anakurudisha nyumbani.”

Wiki ya kwanza mjane alicheka. Wiki ya pili hakucheka. Wiki ya tatu alikuwa analisalimia lango, na kusema kweli hata mimi ningelisalimia.

Lakini lori la maziwa halikujua habari za lango. Mara mbili alikuta limeshaondoka kituoni, maziwa yakachacha. Msimamizi wa kituo alimwambia akichelewa tena, nafasi yake atapewa mwingine. Nyumba ile iliishi kwa maziwa hayo tu. Mama mkwe naye alishaamua: baiskeli ifungiwe stoo, isiguswe tena.

Kabla haijafungiwa, mjane alikwenda kwa Bisibisi, fundi jirani. Alikuwa rafiki wa mumewe. Waliitwa ndugu, na Bisibisi aliitwa Bisibisi kwa sababu hakukosa bisibisi sikioni, hata harusini.

Fundi aliuliza kwanza amejaribu nini. Mjane alieleza kwamba amebadilisha plagi inayotoa cheche. Pia ameongeza oili kwenye petroli, akidhani injini ina kiu. Bisibisi akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba injini hii huchanganyiwa petroli na oili, lakini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Oili ikizidi, plagi huwa nyeusi na bomba la moshi huziba. Akamwaga mchanganyiko ule, akapima mwingine.

“Inazimika ghafla, shemeji, au inalegea kwanza?”

“Inalegea kwanza.”

“Basi inakosa mafuta.”

“Lakini tangi huwa limejaa.”

“Ndiyo,” alisema Bisibisi taratibu. “Limejaa.”

Kesho yake asubuhi alikuja, akajaza tangi mpaka juu, akapanda baiskeli mwenyewe. Hakwenda upande wa kiwanda. Alielekea upande mwingine kabisa. Wanawake wawili walisimama mlangoni wakisikiliza. Mlio ulikwenda vizuri, halafu ukaanza kulegea. Ukakohoa mara mbili, ukanyamaza.

Wakatazamana.

“Sasa anamfuata fundi,” mama mkwe alinong'ona.

Punde injini ikawaka tena, na Bisibisi akarudi mzima.

“Imezimikia kwenye shamba la viazi,” alisema. “Pale hajafia mtu. Ila kutoka hapa ni mbali sawasawa na kule kiwandani. Nimefungua mfuniko wa tangi, nikaufunga, ikawaka hapo hapo.”

Alisubiri injini ipoe, mbali na moto wa jikoni. Akawaambia wasogee wasikilize, kisha akafungua mfuniko polepole. Tangi likavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, kama ya mtu anayeamka. Mama mkwe alimshika mkwewe mkono.

“Hiyo ni hewa inaingia, mama,” Bisibisi alisema. “Mafuta yakitoka tangini, lazima hewa ichukue nafasi yake. Isipoingia, mafuta hayashuki. Tangi likijaa, hewa ndani ni kidogo, hivyo yanakwama mapema. Mkisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, injini inawaka. Wakati wa kurudi mafuta yamepungua na hewa ni nyingi, ndiyo maana anafika nyumbani.”

“Hewa inaingilia wapi?” mjane aliuliza.

Bisibisi akawaonyesha mfuniko. Ulikuwa na kitundu kidogo, na kitundu kilikuwa kimezibwa na kitu cheupe. Alikigusa kwa ukucha. Kilikuwa nta.

Mama mkwe aliuchukua mfuniko, akaitazama nta ile.

“Ni mimi,” alisema. “Kila jioni naifuta baiskeli ya mwanangu. Niliona kitundu, nikaogopa vumbi litaingia. Hakupenda vumbi kwenye chombo chake. Nikakiziba kwa nta ya mshumaa. Ikilegea, naziba tena.”

Hakuna aliyemlaumu. Bisibisi alimpa sindano, naye akakizibua kitundu kwa mkono wake mwenyewe. Fundi aliusafisha mfuniko, akaupuliza mpaka hewa ikapita. Alimwambia aendelee kuifuta baiskeli, ila kila wiki akitazame kitundu kile.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alisimama mlangoni. Mlio ulizunguka bonde, ukafika kiwandani. Alishika fremu ya mlango. Mlio haukulegea. Ulipita langoni, ukaendelea, ukawa mdogo, mpaka usisikike tena. Siku hiyo maziwa yalifika kabla ya lori.

Mama yule alilia pale mlangoni. Kwa wiki hizo zote alimsikia mwanawe akisimama langoni kila asubuhi. Leo hakusimama mtu. Alifuta machozi kwa kitambaa cha baiskeli, akaenda kuwapa ng'ombe majani.