Stempu za Treni Kichwa Chini

Saa 12:10 jioni.

Chumba cha nyuma, duka la nyavu. Kapeli alichora ramani kwa kidole, kwa tembo la mnazi lililomwagika mezani.

"Stoo ya stempu. Mlango una kufuli tatu, tuachane nao. Filipo anapita dirishani, anatoa boksi. Lotomau anapokea nje. Mimi niko kwenye boti. Meli inang'oa nanga saa mbili. Kengele ya sala ikilia saa moja, nani anabaki nje?"

"Mbwa," alisema Filipo.

"Na wezi," alisema Lotomau, dada yake.

Kapeli peke yake ndiye aliyecheka.

Zamani stempu ziliilisha nchi nzima, visiwa vyote. Wanawake arobaini walikaa stoo ile wakigonga mihuri, wakituma bahasha Ulaya kwa watu wasiowajua. Lotomau aliingia pale akiwa msichana. Sasa wamebaki wawili, yeye na mwenzake, na keshokutwa akiba yote inachomwa moto. Humo mna boksi lenye karatasi kumi za stempu zilizoharibika kiwandani: treni zimechapwa kichwa chini, stempu za nchi isiyowahi kuona reli. Mpishi wa meli ana mnunuzi, mkusanyaji atakayelipa pesa nyingi kwa kosa hilo.

Kapeli alitaka pesa. Lotomau alitaka kufichwa jikoni melini mpaka mji wa Suva, ng'ambo, alikolazwa binti yake wa miaka mitatu. Nauli hana. Daktari alisema kwa redio ya mawasiliano: mama aje, na aje upesi.

Saa 1:00.

Kengele. Njia ikawa tupu kama imefagiliwa. Filipo akajipenyeza dirishani, mabega yakikwaruza mbao.

Saa 1:05.

Boksi likatoka. Lotomau akalikumbatia. Kwenye nyumba ya mkutano, kijiji kilikokuwa kikisali, wimbo ukaanza, ukayumba. Wakaurudia. Ukayumba tena.

Akaelewa. Besi. Kijiji kizima huegemea besi ya Filipo, na leo haipo. Kapeli alihesabu kila mtu atakayekuwa ndani akisali. Alisahau kuhesabu atakayekosekana.

"Mama atadhani naumwa," Filipo alinong'ona kutoka ndani. "Watanitafuta."

Tochi mbili zikatoka. Kisha tano.

"Toka basi, wewe!"

"Nikitoka wataendelea kunitafuta hadi ufukweni. Wataiona boti."

"Watakufunga, Filipo."

"Mtoto anamlilia nani, mimi? Nenda, dada. Usinichoshe."

"Mdogo wangu..."

"Nenda!"

Alikimbia. Nyuma yake, ndani ya stoo, Filipo akafungua kinywa akaimba. Aliimba kwa nguvu zote, pale pale wimbo ulipoyumbia. Tochi zote zikageukia stoo.

Saa 1:12.

"Msaliti yule!" Kapeli alimvuta Lotomau ndani ya boti. "Unamsikia? Anawaita!"

"Anawaita kwake."

Kapeli akageuka kusikiliza. Mkono ukamganda kwenye injini. "Tumsubiri?"

Lotomau aliweka boksi miguuni.

"Twende."

Boti ikaruka juu ya mawimbi ya mwamba. Sauti iliwafuata mbali, nzito, bila woga. Kisha ikakatwa katikati ya ubeti.

Mbele, taa za meli. Lotomau alizikazia macho hizo tu. Hakugeuka. Alijijua: akigeuka, atajitosa majini arudi.