Buibui wa Stoo ya Bi Afaf

Haya alinisimulia rafiki yangu Nanjala, karani wa bandarini, aliyepanga kwa Bi Afaf huku Mji wa Kale. Mchana mmoja Bi Afaf alimtuma akasafishe stoo chini ya ngazi.

"Wale buibui wa miguu mirefu hawadhuru, mwanangu. Wafunike kwa gilasi, uwatoe uani. Usiwaue."

Nanjala aliwaogopa, akawapulizia dawa kwa siri. Gizani aliwasikia wakidondoka juu ya magazeti, mmoja mmoja.

"Umewatoa?" Bi Afaf aliuliza kutoka juu.

"Nimewatoa, Bi."

"Mungu akuweke, mwanangu."

Aibu ilimchoma hadi machozi yakamlengalenga. Akageuka ili atoke, aende kukiri kwa Bi Afaf. Mlango alioingilia ulikuwa wazi, lakini utando ulikuwa umetanda kutoka sakafuni hadi juu, mzima, bila uzi hata mmoja kukatika.