Tuhfa na Neli za Kupimia Sukari

Kila akitoka shule, Tuhfa alipitia zahanati moja ya Ngamiani ambako mama yake, Bi Zuleha, alifanya kazi katika chumba cha vipimo. Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni kwa foleni, unga kwa foleni, na neli ya kioo ikivunjika, hupati nyingine. Kwa hiyo mama alipomkabidhi kazi ya kuosha neli hizo, vile vichupa vyembamba vya kupimia, Tuhfa alijiona mtu mzima.

Siku moja Bi Zuleha alipokea dawa mpya ya buluu ya kupimia sukari kwenye mkojo. Ili kuijaribu, alikoroga chembe za sukari ya glukosi kwenye maji, akayagawa katika neli kadhaa, akatia dawa na kuchemsha. Buluu ikageuka nyekundu kama tofali.

"Dawa ni nzima," alisema. "Mwanangu, zioshe kwa sabuni, uzisuuze vizuri."

Lakini rafiki yake Mwamvua alikuwa nje, akimwita wakacheze rede. Tuhfa alizitikisa kwa maji kidogo, akazipanga kwenye kibao, akatoka mbio.

Kesho yake alimkuta Mzee Idarusi, fundi mwashi wa Mabawa, ameinama kwenye benchi kwa kizunguzungu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako aniambia mkojo wangu una sukari. Sukari yenyewe sijaionja tangu Ramadhani! Imeingilia wapi?"

"Ugonjwa huu hauulizi mtu amekunywa chai gani, mzee wangu," Bi Zuleha alimjibu kwa upole.

Watu wakacheka. Tuhfa hakucheka; alizikumbuka zile neli za jana. Akinyamaza, nani angejua? Lakini Mzee Idarusi angetibiwa ugonjwa asio nao, na uliomshika ungezidi kumla.

"Mama," alisema, "jana neli sikuziosha. Nilizitikisa tu."

Bi Zuleha alichukua neli moja kwenye kibao, akaitazama kwenye mwanga.

"Tutie dawa na maji matupu kwenye neli nyingine ya jana," Tuhfa aliomba. "Tuone."

Wakachemsha. Maji matupu yakageuka kijani, kisha manjano. Neli zilikuwa na mabaki ya sukari!

Tuhfa alizisugua zote mpaka kioo kikalia chini ya kidole. Safari hii maji matupu yalibaki buluu. Wakapima mkojo wa Mzee Idarusi upya. Nao ukabaki buluu. Ndipo Bi Zuleha akamtoa tone la damu, akalitazama kwa hadubini. Ilikuwa malaria.

Juma lililofuata Mzee Idarusi alikuja mwenyewe kushukuru, amenyooka kama nguzo. Bi Zuleha akamshika Tuhfa bega mbele ya wagonjwa wote.

"Huyu binti yangu alikosea," alisema, "nami nilikosea kwa kutozikagua neli. Lakini alisema kweli mapema, kosa likiwa bado linarekebishika, kisha akatafuta njia ya kulihakikisha. Kazi yetu haitaki mtu asiyekosea. Yataka mtu asiyeficha kosa."

Tuhfa aliinamisha uso kwa haya, lakini tabasamu lilimshinda.