Kitambaa cha Bibi na Kompyuta Mama

Kila Jumamosi, akitoka madrasa, Mwanaima alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake Ruwaida, pale Timbwani, Likoni. Alikuwa darasa la sita, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupangusa vumbi katika chumba cha kompyuta. Na vumbi la Likoni mwalijua. Upanguse saa tatu, saa nne waweza kuandika jina lako mezani.

Mwaka ule wa 1993, chumbani mlikuwa na kompyuta tano zilizounganishwa kwa waya. Nne zilikuwa za wanafunzi watakaokuja. Ya tano, kubwa yao, ndiyo iliyotunza mafaili yote na kuzigawia nyingine, na shangazi aliiita mama. Kwa miezi minane alikuwa akibuni mfumo wa kuziendesha, yaani ile programu inayoiambia kompyuta ifanye nini na ingoje nini, ili zote tano zifanye kazi pamoja. Jumamosi moja, saa nane mchana, angekuja Bwana Nguma, mkuu wa chuo cha ufundi kilichomwazimisha shangazi mashine hizo. Mfumo ukienda kwa muda wa saa mbili bila kukwama, mashine zingebaki, na shangazi angepata kazi ya kufundisha. Ukikwama, gari lingezibeba jioni ile ile.

Basi Mwanaima akaona siku kubwa kama hiyo mama haifai kukaa bila pambo. Kwao televisheni ilivaa kitambaa cha kufuma, redio nayo ilikuwa na chake, maana kitu cha thamani hakiachwi wazi. Bibi yake alikuwa amefuma kingine kipya, kizito, cha maua. Shangazi alipokwenda kuswali adhuhuri, Mwanaima alikitandaza juu ya mama, akakiteremsha nyuma mpaka mezani. Kilipendeza, wallahi.

Baada ya robo saa skrini zote nne ziliganda. Mwanaima akabonyeza hiki na kile, wapi. Akasikia harufu hafifu ya plastiki iliyopata moto. Alipoigusa mama, joto lilimrudisha mkono, na hapo ndipo alipoyaona matundu ya feni nyuma yake, yamezibwa na maua ya bibi. Alikivuta kitambaa, akakisokomeza mkobani.

"Mwanaima," shangazi aliita kutoka mlangoni. "Mbona kimya? Umegusa kitu?"

"Abee, shangazi. La, sikugusa."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, na likishatoka akaogopa mara mbili. Shangazi aliketi mbele ya skrini zilizoganda, akaanza kujilaumu mwenyewe. Alisema kosa bila shaka limo katika sehemu ya foleni, ile inayozipanga kompyuta zikitaka faili moja kwa wakati mmoja. Aliiandika kwa miezi mitatu. Sasa hakuona njia ila kuifuta na kurudisha programu ya zamani iliyokuwa kwenye disketi, japo kwa hiyo kompyuta hazingeweza kushirikiana. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na nusu.

Mwanaima aliusogeza mkoba nyuma yake. Akisema, huenda asikanyage tena chumba hiki, na baba angesikia, na bibi pia. Alimwona shangazi akiitoa disketi katika mfuko wake, machozi yakimlengalenga.

"Shangazi, usifute," alisema. "Si wewe. Ni mimi." Akakitoa kitambaa.

Shangazi alikitazama kitambaa, akaitazama mama. Kisha akaizima, akafungua madirisha, wakaingoja mashine ipoe, wakipepea kwa vipepeo vya jikoni. Alipoiwasha, Mwanaima alifumba macho. Feni ikalia. Moja baada ya moja, skrini nne zikaamka.

Bwana Nguma alikaa saa mbili kamili, na Mwanaima hakubanduka pembeni. Hakuna kilichokwama. Mgeni aliinuka, akasema Jumatatu ataleta wanafunzi wa kwanza.

Alipoondoka, Mwanaima aliomba radhi huku akilia. Shangazi alimketisha karibu yake.

"Kitambaa ulikiweka kwa mapenzi, na hukujua. Hilo silo lililoniuma," alisema. "Uliponificha, nilikuwa natafuta kosa mahali lisipokuwa. Kidogo tu nifute kazi ya miezi mitatu isiyo na dosari. Nami nimeliona kosa langu. Zile nne nimezibuni zikae kungoja jibu la mama hata kama mama imezidiwa. Inshallah kesho nitaziandikia: mama ikinyamaza, ziniambie upesi. Na wewe mwanangu fanya vivyo hivyo. Likitokea jambo, niambie lingali dogo."

Kitambaa cha bibi kilitandikwa mezani, chini ya mama. Tangu siku hiyo, kabla ya kupangusa chochote, Mwanaima huweka kiganja nyuma ya mashine ile, asikie upepo wa feni. Siku asiposikia, humwita shangazi kwanza.