Mwalimu Anasema Kachi!

Jumamosi kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ilikuwa na ratiba yake. Kwanza maji, madumu mawili kutoka bombani, na foleni ikiwa ndefu, shauri yako. Halafu kufua sare za shule, yangu na za wadogo zangu. Halafu kumenya mihogo. Mama yangu, Nathalie, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Apolline! Ile nguo ya masomo umefula? Na maji iko fasi gani?" Hivyo ndivyo tunavyosema sisi watu wa Kivu Kusini, na Mama alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani wa upande wa pili wa barabara.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku nyingine nilihitaji kusukumwa, lakini Jumamosi nilifanya kazi mbiombio kama niliyetumwa na rais. Sababu ilikuwa moja tu. Saa kumi jioni, nyumbani kwa Mzee Léonidas, kulikuwa na kachi.

Kachi ni ile mieleka ya kwenye televisheni, wanaume wakubwa wenye chupi za kung'aa wanaorushana kama magunia ya mahindi. Wakongo na Warundi tumezoea kuita mchezo huo kachi, kwa Kifaransa cha kwetu, na mtaani petu hakuna aliyeuita vinginevyo. Mzee Léonidas alikuwa fundi cherehani kutoka Burundi, na ndiye peke yake aliyekuwa na sola ya kuwasha televisheni. Hakumtoza mtu chochote. Alichotaka ni wenzake wa kupiga naye kelele.

Wazee walikaa kwenye viti. Sisi watoto tulirundikana mlangoni, na kutoka pale uliona nusu ya mcheza kachi, mara nyingi ile nusu ya miguu. Tena mtangazaji alisema Kiingereza kitupu. Mzee Léonidas alijua Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, lakini Kiingereza kilimpita juu ya kichwa. Siku moja akachoka, akaapa kwa Kirundi. "Yampaye inka! Huyu mtu anasema nini? Hakuna hata mtoto mmoja hapa anayesikia Kiingereza? Mnafanya nini huko shuleni?"

Sijui mkono wangu uliinukaje. Haki ya Mungu, uliinuka wenyewe.

"Mimi nasikia, Mzee," nikasema.

Nilikuwa nimesoma shule ya Uganda miezi mitano tu. Kiingereza changu kilikuwa "gudi moning ticha" na majina ya matunda manne. Lakini niliondolewa mlangoni nikaketishwa kwenye kigoda mbele ya wote, nikapewa chai ya maziwa na andazi. Tangu lini mtu akapewa andazi akasema ukweli?

Basi nikaanza kutafsiri. Tulikuwa na wapiganaji wawili tuliowapa majina wenyewe, Kipara na Nywele. Mtangazaji akisema maneno matatu, mimi nilisema hadithi nzima. "Anasema Nywele alimwibia Kipara mbuzi! Kipara anasema, leo utanirudishia mbuzi wangu au utalala hapa!" Wazee walishika vichwa. Wiki iliyofuata hadithi ilihitaji kukolezwa, nikasema mama yake Kipara ni mgonjwa sana. Bibi Nyirabizimana, jirani yetu mzee kuliko wote, akatoa rozari yake palepale akaanza kumwombea yule mama. Moyo ulinidunda kidogo. Nikanywa chai, ukatulia.

Miezi mitatu nikawa mtu mkubwa. Sifa zikatembea mpaka shuleni, na huko ndiko zilikoniletea balaa.

Mwalimu Ezira alikuwa Mnyankole wa Isingiro, na ndiye aliyefundisha timu ya wasichana ya netiboli. Wachezaji wake wengi walikuwa wageni kama mimi, na Kiswahili chake chenyewe kilichechemea. Akaniita chini ya dirisha la ofisi.

"Wewe toto, watu nasema wewe iko sikia Kizungu ya televisheni. Kweli?"

Ile ilikuwa nafasi yangu ya kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

"Kale, vizuri! Wiki ijayo sisi nakwenda Mbarara, mashindano. Mimi iko chemka huko, Kiswahili nakimbia. Mimi nasema Kizungu, wewe naambia wenzako. Wewe iko mdomo yangu."

Nikaingia timu hivyo hivyo, bila kujua kudaka mpira. Mazoezini hapakuwa na shida, kwa sababu Mwalimu alipuliza filimbi na kuonyesha kwa mikono. Shida yangu ilikuwa nahodha wetu, Libérate.

Libérate alikuwa Mrundi wa darasa la saba, mrefu, mpole, mwimbaji wa kwaya. Alinivuta pembeni akaninong'oneza. "Apolline, Sista Anselme atakuja kututazama. Yeye ni mkuu wa sekondari ya wasichana kule Nyamitanga. Kila mwaka anachukua msichana mmoja mchezaji, anasoma bure mpaka amalize. Baba kaniambia nisipopata hiyo, mwakani naenda kulima naye. Tafadhali, utusikilizie Mwalimu vizuri."

Nilitaka kumwambia ukweli. Badala yake nikasema, "Usijali, dada." Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo naona aibu.

Jumamosi ile tulipanda pikapu alfajiri, tukapita Kabingo, tukapita Isingiro, tukaimba mpaka Mbarara. Uwanja ulikuwa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, nyasi zimekatwa vizuri hata ukaona haya kuzikanyaga. Sista Anselme alikaa kivulini na daftari magotini. Na refa alikuwa na sheria moja mpya: filimbi ni yake peke yake, makocha wakae nyuma ya mstari. Mwalimu Ezira akaitia filimbi yake mfukoni, akaanza kupiga kelele kwa Kiingereza.

Mwanzoni niliponea chupuchupu. Kila aliposema neno nilipaza sauti, "Anasema kimbieni!" Wenzangu wakakimbia. Akisema tena, "Anasema amkeni!" Wakaamka. Kwenye mpira huwezi kukosea ukimwambia mtu akimbie. Libérate alicheza siku hiyo kama hana mifupa, na Sista aliandika, akaandika tena. Dakika mbili kabla ya mwisho tulikuwa tisa kwa tisa.

Ndipo mpira ukapaa juu kuelekea kwa mfungaji wao. Mwalimu Ezira akaruka, miguu yote miwili hewani.

"Kachi! Kachi! Kachiiii!"

Jamani, nilifurahi! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu alisema Kiingereza nikamwelewa. Sikuuliza kwa nini. Nilivuta pumzi nikapiga ukelele:

"Mwalimu anasema kachi! Kila mtu na wake!"

Wenzangu nao walikuwa watoto wa mlangoni kwa Mzee Léonidas. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mmoja alimkumbatia mpinzani kiunoni akamzungusha. Mwingine alipanda mgongoni mwa mwenzake akagoma kushuka. Mimi nilimvamia msichana mara mbili yangu, akanibana kwapani kama mkoba, nikabaki napunga miguu. Na Libérate wetu, mpole wa kwaya, alimbeba yule mfungaji mrefu, akamlaza chali kwenye nyasi, mkono mmoja akiuweka chini ya kichwa chake asiumie, kisha akapiga magoti akahesabu kwa sauti ya kanisani, "Moja. Mbili. Tatu."

Mpira wenyewe ulianguka peke yake, ukadunda, ukatoka nje.

Refa alipuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Alitutenganisha mmoja mmoja. Aliongea na Mwalimu kwa hasira, halafu akatugeukia sisi kwa Kiswahili. "Nakivale nyote nje! Na huyu mwalimu naandika ripoti juu yake. Amefundisha watoto kupigana!"

"Banange, mimi nasema kachi tu!" Mwalimu Ezira alilia, mikono kichwani. "Kachi!"

"Mmesikia? Anakubali mwenyewe!" mwenzangu mmoja akapaza sauti.

Nikatazama kivulini. Sista Anselme alikuwa amefunga daftari lake na ameanza kutembea kuelekea lango. Libérate alikaa chini kwenye mstari akavua viatu alivyoazimwa. Alilia bila sauti, na machozi yaliangukia viatu, naye akayafuta ili mwenye viatu asikasirike.

Nitasema ukweli wote. Kwa muda nilifikiri kunyamaza. Si Mwalimu alisema kachi kweli? Kila mtu alisikia. Hakuna ambaye angenigusa. Lakini zile nyayo za Sista zilikuwa zinaondoka na maisha ya Libérate, na mimi ndiye niliyejua kwa nini. Nikakimbia. Nilimfikia langoni nikashika upindo wa kanzu yake.

"Sista, usiende! Mimi ni muongo!"

Akageuka taratibu. "Muongo wa nini, mtoto?"

"Sijui Kiingereza. Nilidanganya kwa Mzee Léonidas, nikadanganya kwa Mwalimu. Libérate hana kosa. Mimi ndiye niliyewaambia wacheze kachi!"

"Kachi?" Sista alikunja uso. "Kachi gani?"

"Ile ya televisheni, Sista. Ya Jumamosi. Ya chupi za kung'aa."

Sista Anselme alinitazama. Kumbe alikuwa amesomea Bukavu miaka minne, na Kifaransa alikijua kama mimi ninavyojua njia ya bombani. Midomo ikaanza kumtetemeka. Akaifunika kwa kona ya shela, lakini mabega yalimsaliti. Alicheka mpaka akaegemea lango.

"Yesu Maria! Mtoto wangu, kwa Kiingereza hilo neno ni daka. Mwalimu wenu alikuwa anasema daka mpira!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Daka! Neno dogo hivyo!

Alinishika mkono tukarudi uwanjani, akanifanya niseme yote tena mbele ya refa, wapinzani na wenzangu. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi, maana Libérate alikuwa ananitazama. Refa alijitahidi kubaki na hasira akashindwa. Ripoti hakuandika, ila ushindi alitunyima, na ilikuwa haki yake. Nikaomba radhi kwa wasichana saba wa timu ile, mmoja baada ya mwingine, Sista akinitafsiria. Yule aliyenibana kwapani alinipa chungwa.

Kisha Sista akafungua daftari. "Libérate, wewe umempiga mwenzako kachi, na umemwekea mkono chini ya kichwa. Nimefundisha wasichana miaka ishirini, sijaona kitu kama hicho. Mwakani mwezi wa pili nitakungoja. Njoo na sanduku lako." Libérate alinijia mbio. Nilidhani ananipiga kachi na mimi, kumbe ananikumbatia. Akanifinya pia, kwa nguvu, na nilistahili.

Kwenye pikapu, wote wakiimba, Mwalimu Ezira alinikalisha karibu naye. Nilingoja fimbo. Hakuwa nayo. Alisema polepole, Kiswahili chake akikitafuta neno kwa neno.

"Apolline, kukosa kujua si dhambi. Mimi iko mwalimu miaka kumi na mbili, na Kiswahili sijui vizuri, hata wewe nasikia. Lakini mimi nauliza. Wewe nasema najua, kumbe hujui, basi mtu ingine ndiyo naumia, si wewe. Leo ilikuwa Libérate. Kutoka leo, kama hujui, sema sijui. Halafu kuja kwangu kila jioni, mimi nafundisha wewe Kizungu ya kweli."

Nikaenda kila jioni, miaka mitatu. Lakini kwanza, Jumamosi iliyofuata, nilikiri kwa wazee wa kachi. Mzee Léonidas alinirudisha mlangoni. Bibi Nyirabizimana aliishusha rozari yake. "Yaani yule mama haumwi?" Nikasema, "Sijui, Bibi." Akafikiri. "Basi namwombea tu. Mama wa mtoto anayepigwa hivyo kila wiki hawezi kuwa mzima."

Sasa nina miaka ishirini na tatu, na kazi yangu ni ukalimani katika kituo cha afya hapa Nakivale. Mwezi uliopita daktari mgeni alimpa chupa ya dawa mama mmoja aliyetoka Fizi na mtoto mgonjwa, akaeleza kwa Kiingereza cha haraka. Neno moja katikati sikulielewa. Mama alinikazia macho, daktari alitazama saa, na nje foleni ilikuwa inanung'unika. Ningeweza kubahatisha.

"Daktari," nikasema, "hilo neno silijui. Naomba unieleze."

Akanieleza. Dawa ile ilikuwa ya kupaka kwenye ngozi, na ukiinywa ni sumu. Nilipogeuka kumwambia yule mama, alikuwa ameshatoa kijiko kwenye mfuko wake.