Bwambale wa Kitabuni

— Biira, toa hivyo vitabu mezani! Vyote! Sasa hivi!

Ilikuwa siku ya soko, Bwera yetu ya mpakani imejaa watu, na mwanaume ambaye wazee wake walikuwa waje kwetu na mbuzi Jumamosi kuniposa alikuwa ananifokea kama afande. Sikuinuka.

— Bwambale, unanunua au unazuia wateja?

— Usinichezee! Kasese yote wananicheka. Dukani, kanisani, kila mtu: "Bwambale, tumekusoma!" Eti Bwambale anamdanganya mchumba wake, anavuka mpaka kwenda kwa mwanamke mwingine. Hiyo ni nini?

— Ni hadithi.

Ndiyo kazi yangu. Naandika hadithi za mapenzi, nachapisha kwa pesa yangu, nauza mwenyewe Kasese, Bwera, mpaka ng'ambo Kongo. Hiki ni kitabu cha tatu. Na kwetu Wakonzo mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale, upende usipende. Ita "Bwambale!" hapo sokoni uone vichwa vitakavyogeuka.

— Bwambale wako wangapi hapa? Hata huyu wa samaki kanunua viwili!

Yule wa samaki akadakia:

— Kweli kabisa! Na huyo wajina wangu ni mshenzi!

Watu wakacheka. Wangu hakucheka.

— Chagua. Unakusanya vitabu vyote, unabadilisha jina, au wazee wangu hawaji. Na nikishakuoa, haya mambo ya kuandika yanaisha.

Hapo moyo uliniuma, sitawadanganya. Nilimpenda huyu mtu miaka mitatu. Gauni langu lilikuwa kwa fundi Nasifah, mama alishaalika watu kuanzia Maliba mpaka Kahendero. Lakini kuandika kuishe? Kuishe vipi, kwani yeye ndiye alinipa?

— Hayaishi. Jina halibadiliki, na vitabu havitoki hapa.

Mama Marie-Louise, muuza vitenge kutoka Butembo kule Kongo, wa meza ya jirani, akashindwa kuvumilia.

— Papa, acha mutoto wa watu atumike kazi yake. Hii iko kitabu tu. Na banaume beko bengi!

— Mama, nyamaza, hujui kitu!

Akanigeukia, jasho linamtoka.

— Biira, sema ukweli. Nani alikwambia mambo ya Marlène?

Mama Marie-Louise akaacha kukunja kitenge. Mimi nikauliza:

— Marlène ni nani?

— Usijifanye! Mwanamke wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, mwenye duka la dawa, aliyenizalia. Si umemwandika mzima mzima?

— Bwambale, wewe umekisoma kitabu changu?

— Nimeambiwa na watu!

— Mwanamke wa kitabuni anauza mkaa. Hana mtoto. Na haitwi Marlène. Nilimtunga jikoni namenya muhogo.

Mama Marie-Louise akapiga makofi mara moja:

— Yesu Maria! Ameji-accuser yeye mwenyewe!

— Biira, twende pembeni tuongee.

— Ongea hapa hapa. Mtoto ana umri gani?

— Biira...

— Umri gani?

— Miaka miwili.

Miwili! Banange! Machozi yalinitoka mbele ya soko zima, na sikuyafuta. Mteja akauliza bei, nikamtajia, nikamfungia kitabu chake huku nalia. Bwambale akaona hakuna anayempa nafasi ya kuongea, akaenda zake.

Jioni akatuma meseji: "Nisamehe mpenzi. Marlène nitamwacha. Jumamosi tuendelee. Ila nakuomba, hii usiiandike."

Nikajibu: "Marlène usimwache, ana mtoto wako. Mbuzi wabaki kwenu. Na kuandika nimeshaanza."

Simu ikaita. Mama.

— Biira, nimesikia. Huyo mtu hakanyagi kwangu! Lakini mwanangu, watu nimewaalika, ng'ombe nimelipia. Nitawaambia nini?

— Waambie waje, mama. Wale, wacheze. Mimi nitaweka meza yangu pale mlangoni.

— Siku ya kuposwa kwako uuze vitabu?

— Niuze, mama. Kwani nimekufa?

Nikamsikia ananong'ona. Nikadhani analia. Kumbe anahesabu.

— Basi lete vingi. Shangazi zako peke yao ni kumi na moja, na kila mmoja atataka kumjua huyo mshenzi.