Mwezi Usiotua Jumatatu

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, Tormod alikwenda kibandani kufuma. Kibanda kilikuwa hatua ishirini tu kutoka mlango wa jikoni. Ndani yake palikuwa na kitanda cha kufumia, cha chuma, chenye pedali kama za baiskeli. Tormod alipokanyaga pedali, kitanda kiligonga: ka-taka, ka-taka. Mkewe, Dolina, alikoroga uji wa oti akiusikiliza mlio huo. Kwa miaka arobaini hakuhitaji saa.

Mwaka huu mlio ulianza kukatika. Kitanda kiligonga kidogo, kikanyamaza. Hapo Dolina alijua kwamba uzi umekatika na mumewe hauoni. Aliacha uji, akaenda kumshikia ncha.

Tormod alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliuona ulimwengu kama mtu anayechungulia dirisha lenye mvuke. Daktari alimwandikisha kwa upasuaji, akawaambia wasubiri simu ya hospitali. Wakiipokea, watakubali siku, basi. Walikuwa wamesubiri miezi kumi na minne. Simu ya ukutani iliondolewa zamani. Simu ya sasa, ya kioo, ilikaa mezani kati ya birika la chai na Biblia.

Haikulia.

Jumanne moja mleta barua alileta bahasha. Dolina alimsomea mumewe, neno kwa neno:

"Tumekupigia mara mbili. Hukupokea. Tutakupigia mara moja tena kabla ya mwisho wa wiki hii. Tukikukosa, jina lako litarudi kwa daktari wako."

Yaani foleni ianze upya.

Dolina alisema hospitali inasema uongo. Yeye ameiatamia simu hiyo kama kuku na yai. Tormod hakubishana. Alipapasa meza mpaka akapata kikombe chake.

"Nitawaambia watu wa kiwandani wasilete nyuzi tena," alisema. "Mfumaji asiyeona uzi ni mtu wa kuchezea pedali."

Dolina aliondoka jikoni ili asimwone akisema hivyo.

Bahati yao, siku hiyo ilikuwa siku ya gari la maktaba. Hupita vijiji vya upande huu wa kisiwa cha Lewis Jumanne moja kila wiki mbili, na husimama karibu na lango lao. Mwenye gari ni Ishbel. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye mkutubi, na kila mara humchagulia Tormod vitabu vya kusikiliza. Dolina alipanda ngazi za gari akiwa na simu mkono mmoja na barua mkono mwingine. Alisema simu imekufa na anataka kuizika.

Ishbel aliisoma barua. Akaiweka simu ya Dolina juu ya kaunta, akaipigia kwa simu yake mwenyewe. Wote wawili wakainama kutazama. Kioo kiliwaka. Jina la Ishbel likatokea. Sauti, hakuna.

"Umeona? Bubu," alisema Dolina.

"Si bubu, mama. Imeambiwa inyamaze." Ishbel aligusa ukingo wa juu wa kioo. "Hapa juu unaona nini?"

"Vidudu."

"Basi hivyo vidudu ndivyo simu inavyosema nawe bila kupaza sauti. Hivi vijiti vinavyopanda kama ngazi ni mtandao. Vikiwa vingi, simu inasikika vizuri. Vikiisha, au ukiona alama ya msalaba, hata aliye nyumba ya pili hakupati. Hiki kichupa ni betri. Kikikaribia kuwa tupu, tafuta waya."

Dolina alivaa miwani yake vizuri. Aliuliza kuhusu kidudu cha tatu, kile chenye umbo la kipande cha mwezi.

"Huyo ndiye mhalifu wako," alisema Ishbel. "Mwezi unaiambia simu: usiwasumbue wenyeji. Watu watapiga, nayo itameza sauti. Nani aliuweka?"

Dolina alikaa juu ya ngazi ndogo ya vitabu. Alikumbuka. Mwanawe, Ewen, alikuja kutoka Glasgow kwa Mwaka Mpya. Ilikuwa Jumamosi jioni. Dolina alikuwa amekwisha menya viazi vya kesho na kuanua nguo kambani, kama kila nyumba kijijini, ili Siku ya Bwana isiguswe na kazi. Simu ya ukutani alikuwa akiichomoa waya kila Jumamosi na kuirudisha Jumatatu. Hii ya kioo haikuwa na waya wa kuchomoa. Ewen akabonyeza mwezi, akasema sasa itapumzika.

"Ni simu janja, walisema," Dolina alieleza polepole. "Nilidhani itaamka Jumatatu, kama watu wote."

Ishbel alicheka mpaka akashika rafu.

"Mama, umeishikisha Sabato miezi mitatu mfululizo. Hata mchungaji wetu hajafika hapo."

Dolina alicheka pia, kisha machozi yakamjia, maana alikuwa ameiona alama nyingine: mkono wa simu na mshale uliopinda. Ishbel alimwambia hiyo ni simu iliyopigwa ikakosa wa kuipokea. Waliifungua. Mara mbili, namba iliyofichwa, siku mbili tofauti. Hospitali haikusema uongo.

Ishbel hakumwondolea mwezi. "Kidole ni chako, simu ni yako, na mimi narudi baada ya wiki mbili," alisema. Dolina aliburuta kidole kutoka juu ya kioo kwenda chini. Alama kubwa zikateremka. Ule mwezi uliokuwa umewaka akaugusa, ukazimika. Juu ya kioo kile kipande kikatoweka. Ishbel alimfanya auwashe na kuuzima mara tatu. Alimwonya asiguse alama ya ndege iliyo jirani yake, kwa kuwa ndege ikiwaka simu inakata kila mawasiliano, hata vijiti vinakwenda.

Kisha Ishbel alimwonyesha jinsi ya kumruhusu Ewen apite hata mwezi ukiwepo. Dolina alisita. Jumapili?

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Bwana, mnamwacha?" aliuliza Ishbel.

"Hapana."

"Basi mwache mwanao apite."

Jumatano simu haikulia. Alhamisi asubuhi Dolina aliisoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwezi hakuna. Ndege hakuna. Betri imejaa. Vijiti... vijiti hakuna, msalaba upo. Akakumbuka kuta za nyumba yao, mawe matupu, nene kama urefu wa mkono. Aliinyanyua simu akatoka nayo, macho yakiwa kwenye ile ngazi ya vijiti. Mlangoni kijiti kimoja. Uani viwili. Ndani ya kibanda, dirishani, vitatu.

Akageuza sanduku la nyuzi, akalikalia hapo hapo. Tormod alimuuliza kama amefukuzwa jikoni. Alimjibu afume tu.

Ijumaa saa tano kasoro, simu ililia. Kitanda kilinyamaza. Dolina aliijibu akiwa amesimama.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, yupo. Jumatano inafaa. Hata ingekuwa leo."

Alipoikata, alimsogelea mumewe. Tormod alinyoosha mkono hewani, naye akaushika.

Jumatano ile walifika hospitali ya Stornoway saa nzima kabla ya wakati. Jicho la kulia likafanyiwa kazi. Kesho yake, bandeji ilipoondolewa jichoni, Tormod alikwenda kwanza kibandani. Aliinama juu ya kitambaa cha kijivu alichokuwa akikifuma tangu mwezi uliopita.

"Kumbe kina buluu," alisema.

Kisha akamgeukia mkewe, akamtazama sana.

"Na wewe umezeeka lini?"

"Ulipokuwa huoni," alijibu Dolina, na akamwacha aendelee kutazama.

Gari la maktaba liliporudi, Dolina alipanda na mayai na shali ya kijivu yenye buluu. Ishbel alisema kazi yake haimruhusu kupokea zawadi. Dolina alisema si zawadi, anamwazima. Ishbel atairudisha akimaliza kuivaa.

Jumatatu moja asubuhi uji ulikuwa mezani. Tormod, kutoka upande wake wa meza, bila miwani, alitazama simu iliyolala karibu na kikombe cha mkewe.

"Vijiti viwili. Betri nusu," alisoma. "Dolina, mwezi."

Dolina alikuwa amesahau kuuzima baada ya Jumapili. Tormod alinyoosha kidole mwenyewe, akauzima. Halafu akainamisha kichwa kuomba. Alishukuru kwa uji, na kwa jicho, na kwa mikono iliyolifanyia kazi, na kwa Ishbel na gari lake.

"Na kwa vidudu," alimalizia. Dolina akasema amina.

Baada ya hapo Tormod alikwenda kibandani. Dolina aliosha vyombo akisikiliza: ka-taka, ka-taka, ka-taka, mpaka saa ya chai, bila kukatika.